Mstari Usio na Jina

Mimi nilikuwa mtu wa kujisifu. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Kilungu. Jioni ile nilipopanda kwenda kwa mama nikiwa na laptop mpya ndani ya kikapu cha kiondo, nimeizungushia leso mbili kama mtoto mchanga, nilikuwa namwomba Mungu nikutane na watu njiani. Nilitaka waniulize nimebeba nini.

Ilikuwa Ijumaa, Oktoba ya mwaka tisini na nane. Ile mvua kubwa ya El Nino ilikuwa imebeba udongo wote wa juu ikaenda nao, kisha mbingu ikafunga. Mahindi yalikauka yakiwa ya urefu wa magoti. Mradi wa kanisa ulikuwa unaandikisha familia za kupewa chakula na mimi ndiye nilikuwa karani. Nilikuwa nimemaliza kila boma kutoka barabarani hadi huko juu mawe yanakoanzia, isipokuwa moja tu, la mama yangu mzazi. Nililiacha mwisho makusudi, watu wasije wakasema Kasyoka amejipakulia kwanza.

Lakini meneja wetu, Bwana Gicheru, alikuwa ameniambia Ijumaa hiyo hiyo kwamba orodha inaondoka Jumatatu asubuhi. Boma ambalo halimo litangoja hadi mavuno, kama yatakuwepo. Gicheru ni mtu wa kutoka Murang'a, mpole sana, ila ukigusa tarehe yake anageuka. Na kwa mama ndiko alikokuwa mtoto wangu wa pekee, Nzilani, miaka minane. Mimi nilipanga chumba kimoja pale junction, barabara zinapokutana, baba yake alishatuacha zamani, kwa hivyo mtoto alilelewa na nyanyake. Mara ya mwisho nilipomwogesha nilizihisi mbavu zake chini ya sabuni. Sikulala siku hiyo. Chakula kile kilikuwa chake.

Sasa wacha niwaambie habari ya kompyuta mbili za kazini, ya zamani na hii mpya.

Ile ya zamani ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ukiibeba kutoka boma moja hadi lingine, bega linalalamika siku tatu. Kioo chake kilikuwa kidogo, cha kijivu, na maandishi yake yalififia kama nguo iliyooshwa mara nyingi. Ilikuwa na kijipira cha kuviringisha kwa kidole, kinajaa uchafu, kila Jumatatu nakitoa nakiosha kwa spiriti. Betri yake dakika arobaini, ukibahatika. Na ukikaa mbele yake sawasawa unasoma, lakini ukisogea kando kidogo tu, kila kitu kinageuka ukungu. Watu walikuwa wanashikilia mabega yangu wakiinamisha shingo, wanataka kuona majina yao, hawaoni kitu. Niliiita mchoyo. Kwa udogo wake ilionyesha jina na kijiji peke yake. Vitu vingine viko mbali huko kulia, uvifuate mwenyewe, na mimi sikujisumbua kuvifuata.

Mpya ilikuja Jumatano. Gicheru alipoifunua mezani nilishika mdomo. Kioo kipana! Kipana mpaka unageuza macho kutoka upande huu kwenda ule. Rangi zake mbichi, kijani ni kijani, nyekundu ni nyekundu. Kijipira hakuna, kuna kibao cha kupapasa, unateleza kidole na mshale unakufuata. Vifungo vyake laini, havipigi kelele ya kuku anayedonoa bati. Betri masaa mawili na zaidi. Jina, umri, kijiji, ugonjwa, kila kitu kiko mbele yako kwa mara moja. Na kilichonifurahisha zaidi, ukikaa pembeni unaona. Ukikaa pembeni kabisa bado unaona. Ofisi nzima ilisimama upande wangu na kila mmoja akasoma. Nikasema hii sasa ni mkarimu. Gicheru alicheka, akanionyesha kifungo cha kubonyeza ili mashine ijumlishe watu yenyewe, akasema Nairobi wamechoka kupokea majina, wanataka idadi.

Hapo kwenye idadi ndipo penye shida.

Kwetu watu hawahesabiwi. Muulize mama yeyote wa kijiji chetu ana watoto wangapi, atakuambia ni hao unaowaona, au atakuitia majina yao mmoja mmoja. Hata mbuzi wakirudi jioni, mwenyewe anawaangalia sura, hawahesabu. Mama yangu ni mtu wa maombi ya wanawake kila Alhamisi, hajawahi kukanyaga kwa mganga, lakini kwa jambo hili usimguse. Akipakua chakula hahesabu sahani. Anapakua tu mpaka kila mkono umeshika kitu. Na daima anamega kidogo na kuweka chini kwenye mkeka, upande wake wa kushoto, mahali ambapo hakuna mtu. Tangu tukiwa wadogo hatukukaa hapo. Hakutukataza kwa maneno. Ulijaribu kukaa, akakusogeza kwa kiwiko, basi ukazoea.

Kwa ile kompyuta ya zamani mambo hayo hayakugongana. Niliandika majina, na majina si hesabu.

Nilifika jua likiwa limeshika mgongo wa kilima. Mama alikuwa ameketi mkekani mbele ya jikoni anapukuchua mbaazi kavu, na Nzilani kando yake, na ile nafasi kati yao. Kaka yangu Muthama alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Mkewe Kalunde alikuwa ndani, mahindi ya muthokoi yanachemka. Vijana wao wawili, Kivuva na Nzioka, walinikimbilia wakishindana nani abebe kiondo. Niliwapiga vidole. Nikaomba stuli, nikaifunua laptop taratibu, nikawaacha waitazame kwanza.

Walifurahi jinsi nilivyotaka. Muthama aliuliza kama inashika habari za saa moja. Nzioka aliona rangi akasema ni kama gari. Nikawaambia hakuna haja ya kusukumana, hii unaiona hata ukiwa pembeni, na wakajipanga nyuma yangu na kando yangu, mama akiwa pale pale kwenye mkeka na Nzilani, wanaangalia kwa upande.

Mama hakuangalia rangi. Aliniangalia mimi.

"Andika majina," alisema. "Usituhesabu."

Nikamjibu ndiyo, Mwaitu. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Nilisema ndiyo na moyoni nikacheka, maana nilikuwa na cheti cha sekretari kutoka Machakos na nilijiona nimetoka gizani.

Niliandika mama na umri wake, sitini na moja. Nikaandika Muthama, Kalunde, Kivuva, Nzioka, na Nzilani mwisho. Mwenyewe sikujiandika, mimi nilikuwa kwenye orodha ya watu wa junction. Nikahifadhi. Kisha nikabonyeza kile kifungo cha Gicheru.

Saba.

Nikasonya. Nikaangalia tena majina, nikabonyeza tena. Saba. Kwenye kioo kile kipana kila kitu kilikuwa wazi, na hapo ndipo nilipouona. Kati ya mstari wa mama na wa Muthama kulikuwa na mstari mwingine. Mahali pa jina palikuwa patupu. Mahali pa kijiji patupu. Kwenye umri tu kulikuwa na namba nne.

Sikuwa nimeiandika. Naapa sikuwa nimeiandika.

Lakini mtu akiwa na mashine mpya anajua la kusema, ni mashine. Nikasema mashine mpya zina ujinga wao, nikaushika ule mstari wote nikaufuta. Nikahifadhi jinsi Gicheru alivyonifundisha, kila kitu unachofanya, hifadhi. Nikabonyeza. Sita. Nikasema kwa sauti, kama mwalimu aliyepata jibu, "Sita."

Mbaazi ziliacha kupasuka.

Mama alikuwa ameona. Kwa ile ya zamani asingeona, angeona ukungu. Aliweka ungo chini polepole, akaniuliza nimefuta nini. Nikamwambia ni kosa la mashine, Mwaitu, mstari mtupu tu. Aliweka kiganja chake kwenye ile nafasi iliyo kushoto kwake, akapapasa, kama mtu anayetafuta mtoto kitandani gizani.

"Hayuko," alisema.

Ndipo nikasikia harufu. Harufu ya udongo uliolowa... Udongo uliochimbwa sasa hivi, wa chini kabisa, ambao haujaona jua. Miezi mitano tulikuwa hatujaona tone la mvua. Kuku walikuwa wameshaingia na hakuna kitu kilicholia, hata mbwa wa jirani ambaye kazi yake ni kulia. Nilitaka kuuliza kama wengine wanaisikia.

Kioo kikazima. Hilo halikunitisha, Gicheru alinieleza kwamba ukikaa bila kugusa, kinalala ili betri isiishe. Kikawa cheusi. Moto wa jikoni ulikuwa nyuma yetu, na kwenye ule weusi nikatuona. Ile kompyuta ya zamani ikizima ilikuwa inanionyesha pua yangu tu. Hii ilitubeba wote. Mimi katikati. Muthama na jembe lake. Vijana wawili. Kalunde mlangoni na kata mkononi. Mama.

Na kando ya mama, mtoto mdogo ameketi, kichwa kimeinama.

Niligeuka. Kando ya mama mkeka ulikuwa mtupu, na baada ya utupu huo Nzilani.

Nikaangalia kioo. Yule mdogo alikuwa amesogea. Alikuwa ameketi mahali pa Nzilani, amekunja miguu kama Nzilani anavyokunja, na kichwa chake kilikuwa kinaanza kuinuka... polepole...

Nzilani hakuwepo kwenye kioo.

Nikageuka tena, shingo ikalia. Mtoto wangu alikuwa pale mkekani. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso, anaigeuza huku na huku.

"Mami," alinong'ona, "mbona sioni vidole vyangu?"

Nilimshika. Alikuwa baridi kama mtungi. Nilimvuta kwenye mapaja yangu nikamsugua mgongo, na nilikuwa naogopa, jamani. Kalunde alitoka na sahani za muthokoi. Akampa mumewe. Akawapa vijana. Akampa mama, akanipa mimi. Akageuka kurudi jikoni.

Nikamwita, nikamwambia amemsahau Nzilani.

Kalunde alisimama. Aliniangalia mimi, akaangalia mapaja yangu, akaangalia mimi tena, na uso wake haukuwa na mzaha wowote.

"Nani?"

Muthama naye akauliza naongea na nani. Kaka yangu, aliyemfundisha mtoto huyo kutembea! Alikuwa anatafuna na kunitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu ambaye ameanza kuongea peke yake.

Mama alisogea karibu na sikio langu. Kalunde na Muthama walikuwa wanazungumza mambo ya jembe, hawakutusikia, au hawakutaka. Aliniambia haraka haraka, kwa sauti ya chini, kwamba yule alikuwepo kwenye boma lile kabla yeye hajaolewa. Mama mkwe wake alimwonyesha nafasi ile usiku wa kwanza, akamwambia hapo usikae na hapo usiache kuweka chakula. Ni mtoto wa nani, alikufaje, kama alikufa, hakuambiwa. Jina hana. Alikuwa anakula nao na hakuwahi kumdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema wako wangapi. Nafasi ilitosha kila mtu.

"Sasa wewe umesema tuko sita," mama alinong'ona. "Na yeye ameshakaa. Mmoja wetu hana mahali."

Nilikiamsha kile kioo kwa kidole. Nikarudisha mstari mtupu pale pale nilipoufuta. Nikaandika nne kwenye umri. Nilipoinua kidole, nne ilipotea. Nikaandika tena, ikapotea tena. Nikajaribu kuandika Mgeni. Herufi zilizama moja baada ya nyingine kama mawe kwenye matope. Nikajiandika mimi, Kasyoka, thelathini na tatu, nikasema achukue yangu. Jina langu halikushika. Mimi sikuwa mtu wa boma lile tena, nilishajiandikisha kwingine kwa mkono wangu mwenyewe. Jumla ilibaki sita. Na mstari wa mwisho, mstari wa Nzilani, herufi zake zilikuwa zinageuka kijivu kama za ile kompyuta ya zamani.

Kwenye kona ya kioo taa ndogo ya betri ikaanza kumeta nyekundu. Masaa mawili yalikuwa hayajaisha hata nusu.

Nzilani aliacha kuongea. Mapajani pangu uzito wake ulikuwa unapungua. Hamjui jambo hilo lilivyo. Mama yeyote anajua uzito wa mtoto wake, na mimi niliuhisi ukitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Futa langu," mama alisema.

Nikakataa. Nikamwambia hapana Mwaitu, tutaomba, tumwite mchungaji, tuichome hii mashine. Akanishika mkono, akauweka juu ya vifungo. Mkono wake ulikuwa na vumbi la mbaazi.

"Futa jina. Acha miaka," alisema. "Atakaa kwangu. Tumezoeana."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi ni mzee, nitakaa popote. Fanya."

Nilifanya. Nisiwadanganye kwamba nilifikiri sana. Nilipeleka mshale kwenye jina la mama yangu, nikalifuta kutoka nyuma kuja mbele, herufi moja, herufi moja, na kila herufi ilikuwa ngumu kama kung'oa msumari. Ikabaki sitini na moja peke yake kwenye mstari mtupu. Nikahifadhi. Nikabonyeza. Sita.

Kioo kikafa. Betri ilikuwa imekwisha.

Nzilani alipiga chafya. Kisha akaniuliza, kwa sauti yake ile ya kulalamika ninayoipenda kuliko nyimbo zote, chakula chake kiko wapi. Kalunde akajipiga kichwani, akasema asi, leo nimekuwaje, nikamsahau mtoto? Akamletea sahani iliyojaa hadi juu. Nzilani alikula kwa mikono miwili. Nililia na kucheka, na Muthama akasema njaa imenipanda kichwani, kwani nimekula nini tangu asubuhi? Kweli sikuwa nimekula kitu.

Mama alikuwa ameinuka. Alikwenda kukaa chini, mgongo ukutani, mbali kidogo na mwanga wa moto. Pale alipokuwa ameketi mkekani hakuna aliyekaa. Kalunde alikusanya vyombo, na alipofika kwenye sahani ya mama, ambayo ilikuwa bado haijaguswa, aliitazama akashangaa ni ya nani. Akaimimina tena kwenye sufuria.

Niliona. Nilinyamaza, kwa sababu mtoto wangu alikuwa anakula.

Jumatatu orodha iliondoka. Gicheru aliuliza kuhusu mstari ule, nikamwambia betri ilikufa katikati. Akasema ndiyo, betri ikifa vibaya faili huharibika, mashine mpya hizi nazo zina mambo, muhimu idadi ipo. Muuguzi wa zahanati aliniambia mtoto mwenye njaa hufa ganzi vidole na huota akiwa macho. Inawezekana. Mimi mwenyewe nimejaribu kuamini hivyo siku nyingi, hasa mchana.

Chakula kilikuja, cha watu sita. Nzilani alinenepa. Akaanza tena shule.

Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Muthama alikuwa anafunga mlango jioni mama akiwa bado nje. Anafungua akigongewa, anaomba msamaha, lakini uso wake unakuwa kama wa mtu aliyefungulia jirani. Alhamisi wanawake wa maombi walipanga viti na hakikuwepo chake. Hakulalamika. Alisimama. Chakula alikula kilichobaki chini ya sufuria, akikwangua mwenyewe, na nikipanda huko nilimbebea mkate nikauweka mkononi mwake, nikamwangalia akila hadi mwisho. Nilikuwa nafunga fundo kwenye leso yangu kila Jumamosi ili nisisahau mkate huo. Mtoto wake mwenyewe, na nilihitaji fundo.

Mtauliza kwa nini sikulirudisha jina. Sikuthubutu kuugusa ule mstari. Ningemrudisha mama, ni nani angetoka? Ndiyo maana niliacha kazi kabla ya Krismasi. Gicheru alidhani nimepata mume.

Mwaka ukazunguka. Desemba ya tisini na tisa Kalunde alijifungua msichana, wa kwanza wao. Boma zima lilifurahi, maana mvua pia ilikuwa imenyesha na mahindi yalikuwa yamesimama. Siku ya tatu wanawake walikuja na unga na sukari, wakajaa nyumbani hadi uani. Ni siku ya kumpa mtoto jina. Na kwetu hakuna anayehangaika kutafuta jina, msichana wa kwanza anachukua la mama wa baba yake. Hivyo ndivyo mama anavyorudi kuitwa nyumbani kwa mwanawe, hata akizeeka, hata akifa. Shangazi ndiye hushika mtoto na kulitaja.

Shangazi ni mimi.

Walinipa mtoto. Alikuwa mzito, mzuri, macho wazi. Mwanamke mkubwa wa ukoo, mama mmoja anayeitwa Ndululu, akauliza kwa sauti, kama inavyoulizwa, huyu aliyekuja kwetu ni nani.

Nikafungua mdomo.

Nikaufunga.

Wanawake walicheka, wakadhani nawatania. Ndululu akauliza mara ya pili. Nilimtafuta Muthama kwa macho, alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akitafuta kichwani mwake, midomo inatikisika, hakuna kinachotoka. Maisha yetu yote tulimwita Mwaitu. Majirani walimwita mama Muthama. Kalunde akasema kwa haraka, kitambulisho, kaangalieni kitambulisho chake. Mtu akakileta. Picha ilikuwepo. Mahali pa jina palikuwa pamesuguka hadi pakawa peupe. Kadi ya ubatizo ilikuwa sandukuni, na mchwa walikuwa wamepita hapo tu, si kwingine. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtoto alianza kulia mikononi mwangu, mtoto wa siku tatu asiye na pa kuitwa.

Ndululu mwenyewe, aliyeolewa mwaka ule ule na mama yangu, wakateka maji kisima kimoja miaka arobaini, alikuwa ameshika shavu anatazama sakafu.

Basi nikageuka ukutani. Alikuwepo, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, na wanawake walikuwa wameweka vikapu vyao karibu mapajani mwake bila kumwona. Nilipiga magoti mbele yake na mtoto. Nikamwambia Mwaitu, litaje wewe. Sema tu mara moja.

Mama alimtazama mjukuu wake kwa furaha kubwa. Akamgusa paji la uso. Kisha akaniinamia, karibu sana, kama mtu anayeona aibu mbele za watu.

"Kasyoka," alininong'oneza, "mimi ninaitwa nani?"

Alikuwa ananiuliza kweli.